Kuomba Moto kwa Bi Salima

Kigombe, Jumanne, masika ya 1956

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Nguo zimelowa, kuni zimelowa, na mimi nimenuna hata mume wangu kanikwepa, kaenda kunywa kahawa kwa watu.

Nimekasirika. Wacha niandike, maana nikisema nitaambiwa nina mdomo.

Leo gari la hospitali limemrudisha Bi Salima, jirani yangu, mjane asiye na mtoto. Wiki iliyopita aliteleza jikoni mwake, mguu ukateguka vibaya. Alilala pale chini tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na sisi tuko mlango wa pili. Si kwamba hatumpendi. Hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda kwake.

Zamani haja ilikuwapo. Bi Salima hazimi moto. Usiku huyafukia makaa kwenye jivu, na asubuhi wanawake wa mtaa tulikwenda na vifuu kuomba moto. Shikamoo, umeamkaje, kaa moja la moto, haya kwaheri. Hakuna aliyesema anakwenda kumtazama mzee. Lakini akikohoa tulijua, na asipokula tulijua, sahani ya mihogo ikamfikia kabla jua halijapanda. Kisha dukani vikaja viberiti, kila mtu akawasha kwake.

Jumbe alikusanya watu kulisifia gari. Nikamwambia gari ni zuri, ila mwaka jana tuliomba jiko la Bi Salima liezekwe upya, linavuja, tukaambiwa tusubiri. Sakafu ingekuwa kavu asingeteleza. Akanijibu, "Mama Zuhura, asiyeumwa hapelekewi dawa." Watu wakacheka.

Makuti ya siku moja yaliwashinda. Safari ya Tanga na kitanda cha hospitali havikuwashinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna hata mmoja pale asiyeijua methali hiyo.

Nisijidanganye, hata njia yetu ya zamani ina gharama yake. Kuni za kuutunza moto ule nani atazitafuta? Shoga yangu Mwanaisha kanieleza wazi: ana watoto, ana shamba, ana mkwe mgonjwa, na ana kiberiti.

Ijumaa anakuja mpwa wa Bi Salima kumchukua akaishi naye Moa. Ni mtu mwema. Amesema akikuta shangazi yake ana watu wa kumwangalia, atamwacha hapa. Akikuta yuko peke yake, anaondoka naye.

Jioni nilimpelekea uji, nikamkuta keshauwasha tena moto wake. Akanishika mkono. "Mwanangu, huko Moa simjui mtu. Nani atanijia kutaka moto?"

Nililia njiani, na zaidi ilikuwa hasira.

Nimeshapita kwa majirani wawili, wamekubali kwa shingo upande. Kuni tutachanga. Mume wangu kesho atapanda kwenye paa lile, apende asipende. Nami alfajiri nitachukua kifuu changu nikabishe hodi kwa Bi Salima.

Akiniuliza kiberiti changu kiko wapi, nitamwambia kimelowa.

Ni masika. Ataniamini.