Kikombe cha Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 12 Juni 1989
Nimefagia vidudu vya ziwani, ndoo nzima. Mtafiti kijana kutoka Dar kapita mtaani kwetu Kitaji. Katundika kikombe cha plastiki chumba cha nyuma, kile kilichoegemea mwamba. Anasema miamba hii, na mchanga wa mgodi wa zamani, hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta miaka mingi inaharibu mapafu. Kikombe kitaonyesha kama ni nyingi. Kisiguswe.

Mume wangu kacheka. Sakafu ya chumba hicho aliimwaga mwenyewe kwa mchanga wa mgodini, enzi saruji haipatikani bila kibali. Humo ndimo anamoshonea, madirisha yamefungwa ili vidudu visichafue vitambaa. Humo ndimo anamokohoa.

Jumanne, 20 Juni
Zuhura wetu kajifungua salama. Mtoto wa kike, alhamdulillahi. Alikuja toka Bunda, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Wako chumba cha nyuma hadi arobaini. Cherehani imehamia barazani. Dirisha limezibwa kwa khanga, mzazi asipigwe upepo.

Ijumaa, 23 Juni
Bi Mwajuma, mkunga, kakiona kikombe. "Kitu cha mgeni hakikaagi juu ya mtoto mchanga." Kakitundika barazani. Nilikataa. Nani anisikilize? Chumba cha mzazi, yeye ndiye serikali.

Jumatatu, 10 Julai
Nina hasira. Mtafiti kaja kuchukua kikombe. Mume wangu kamwona mgeni angali kwa jirani, kakitungua barazani, kaingia nacho chumba cha nyuma. Mgeni alipokaa, katoka nacho mkononi kama ndiyo kwanza kakiondoa msumarini. Eti tusionekane watu wa kuvunja ahadi. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Kumwaibisha mume mbele ya mgeni sikuweza.

Alhamisi, 27 Julai
Majibu yamefika. Hewa ya chumba ni salama. Mume wangu anawasomea majirani. Mmoja keshauliza mchanga ule unapatikana wapi.

Zuhura kafurahi. Atabaki humo mpaka mvua za vuli.

Waliyopima ni hewa ya baraza. Mtoto analala mle. Naogopa.

Ijumaa, 28 Julai
Nimemwambia mume wangu waziwazi.

"Mama Zuhura, mimi nashonaga humo miaka yote. Nimekufa?"

Kikohozi kikamkaba hapo hapo. Huenda ni vumbi la vitambaa. Huenda si hilo.

Nimewahamishia Zuhura na mtoto sebuleni, arobaini bado. Bi Mwajuma kaondoka bila kuaga. Mji mzima utanisema. Acha uniseme.

Jioni nikaenda nyumba ya wageni alikofikia mtafiti. Nikamweleza kila kitu. Hakunilaumu. Akanipa kikombe kingine, akauliza nani analala chumba cha nyuma sasa.

Jumapili, 6 Agosti
Mtoto kanyonya, kalala. Dirisha la sebule liko wazi, vidudu viingie vitakavyo.

Mume wangu karudisha cherehani chumba cha nyuma. Sakafu ni yake, anasema. Nikifungua dirisha, anafunga. Kikombe kipya kiko msumarini, juu ya kichwa chake. Safari hii nakilinda mimi.

Nakunja nepi. Cherehani inakimbia, inasimama. Anakohoa. Nangoja. Inakimbia tena.