Chandarua Katika Ghuba Iliyofungwa

Jumatatu, 3 Novemba
Makobo, hawa perege wa ziwani kwetu, hawakugusa kitu asubuhi. Nilianza na chambo cha kijiko kinachong'aa, nikakivuta haraka kama mwezi uliopita, wakati wa joto, walipokuwa wakirukia kila kinachopita karibu na mawe. Bure. Mvua chache tu na ziwa limeshageuka rangi ya chai. Nikafunga panzi, nikamwacha azame polepole kando ya miti iliyomezwa na maji. Wawili. Madume wote. Majike hawali sasa. Wamebeba watoto mdomoni, na mpaka watoto wajiweze, mama hali.

Jioni tumefunga ghuba. Ufito wa mwanzi mlangoni mwake, kitambaa cheupe juu. Mpaka mvua zipungue, ndani mle hakuna wavu wala ndoano. Nje, ndoano tu. Atakayevunja, mtumbwi wake unavutwa nchi kavu na kupinduliwa mwaka mzima. Mimi ndiye mlinzi tena. Wamenichagua kwa sababu sina huruma. Walisema hivyo mbele yangu na nilifurahi.

Alhamisi, 13 Novemba
Mtu amekokota chandarua cha mbu kwenye matete, ndani ya ghuba. Nimekuta alama zake kwenye tope. Juu ya majani, vifaranga vya samaki vimekauka, vidogo kama punje za mchele. Vilivyomponyoka. Alivyochukua vingapi? Mtu anayekula mbegu atapanda nini?

Kambi nzima ya wavuvi inasema ni Banza. Alikuwa mchimbaji, shimo lake likaporomoka, akaja hapa ziwani kujifunza ndoano. Wachimbaji, wanasema, hawajui kuacha kitu ardhini, wataachaje kitu majini? Mimi nilisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumapili, 16 Novemba
Sikwenda kusali. Nilijificha kwenye matete wakati wengine wako kanisani, maana mwizi naye anajua saa za ibada.

Nimemwona. Mama mkwe wangu.

Ndani ya maji mpaka kiunoni, kitambaa kimefungwa kifuani, anakokota chandarua. Na chandarua nakijua. Kina kiraka cha buluu cha uniformu ya binti yangu Ngalula. Kilitoka nyumbani kwangu, mke wangu alimpelekea mama yake mwaka jana.

Ningekuwa nimemwona mtu mwingine yeyote, ningempigia kelele mpaka mjini Kolwezi wasikie. Lakini huyu ni mkwe. Kwetu Wakasai mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hasemi naye ana kwa ana. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini. Sasa nimemkuta karibu uchi! Nimegeuka, nimerudi kinyumenyume kama mwizi ni mimi. Nilikanyaga ukuni, ukavunjika. Nikasikia maji yanachafuka, anakimbia.

Mimi, mlinzi, nimekimbia upande mmoja na mvunja sheria upande mwingine. Nina aibu, na zaidi ya aibu nina hasira. Kwangu hakosi unga. Kila mwezi mfuko unakwenda kwake mikononi mwa mke wangu. Anataka nini tena?

Jumatatu, 17 Novemba
Nimemwambia mke wangu. Yeye ndiye mdomo wangu kwa mama yake, hakuna mwingine. Nilimwomba aende akamkanye. Alikuwa anapanga samaki wa kupeleka soko la Manika. Hakuinua kichwa.

"Unataka mi niende kumwambia mama eti ni mwizi? Mi siende."

Kisha akafunga mzigo, akapanda pikipiki, akaenda zake. Sikumwita arudi.

Jumatano, 19 Novemba
Wamekiokota chandarua. Mama mkwe alikitupa akikimbia, mawimbi yakakisukuma mpaka karibu na mahali Banza anapofunga mtumbwi wake. Basi, kwao imetosha. Tata Muteba, mwenyekiti wa kambi, ameitisha mkutano Jumamosi. Watapindua mtumbwi wa Banza. Mwaka mzima. Hana shamba, hana ndugu hapa. Atarudi mashimoni.

Nawachukia wote leo. Muteba kwa haraka yake. Mke wangu kwa ukimya wake. Yule mama kwa kuniweka hapa. Babu zetu nao, waliotunga heshima bila kufikiria kwamba siku moja mkwe ataingia ghubani na chandarua. Nikimtaja, nimemvua nguo mara ya pili mbele ya watu. Nikinyamaza, Banza amekwisha.

Banza alipita jioni kuniuliza mvua ikikoroga maji hivi avue kina gani. Nikamwambia kina kifupi, pembeni ya nyasi, chambo kiende polepole. Alishukuru. Hakuzungumzia mkutano. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 22 Novemba
Imekwisha. Chandarua kilitandikwa chini, watu wamekizunguka. Banza alisema si chake, wakamcheka. Muteba akaniuliza mlinzi ana neno gani.

Nikasimama. "Ile mustikere ni ya kwangu. Ilitokaka mu nyumba yangu. Mukamate bwato yangu."

Si uongo hata neno moja. Muteba aliniuliza nani alikokota. Nikamjibu kwamba kitu kimetoka nyumbani kwangu na mwenye nyumba ni mimi. Akaangalia kiraka cha buluu, akaniangalia, hakuuliza tena. Wengine walizomea. Mlinzi asiye na huruma! Wakauvuta mtumbwi wangu mpaka juu ya nyasi, wakaupindua. Wamenivua na ulinzi pia. Hasira yangu haikupungua hata kidogo. Nilifikiri kutenda haki kunapoza moyo. Hakupozi.

Ijumaa, 12 Desemba
Mvua. Mtumbwi umelala kifudifudi. Kuku wanataga chini yake. Nawakasirikia kuku pia.

Jumatatu, 5 Januari
Mama mkwe hajaonekana tangu siku ile. Mfuko wa unga umekwenda kama kawaida. Sina pa kumuulizia hali.

Jumanne, 3 Machi
Wameng'oa ufito leo. Mitumbwi yote imeingia ghubani, wa Banza mbele. Mimi nimevua nimesimama ufukweni. Maji yanaanza kusafika, makobo wanakaa pale nyasi zinapoishia, na ukiwa nchi kavu lazima utupe mbali, kisha uvute kijiko sambamba na ukingo. Nilitupa asubuhi nzima.

Mke wangu alishuka na mama yake. Nilipowasikia nikageuza mgongo. Najua mkwe naye aligeuza wake. Tulisimama hivyo, mke wangu katikati. Mama akasema na binti yake, kwa sauti ya kunifikia.

"Umwambie mi nilikuwa na njala. Kabeya aliniachia batoto bane, akaenda, harudi. Ule unga ni wa batoto."

Kabeya ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu. Alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Nilijua ameondoka. Sikujua aliacha watoto wanne kwa mama yake. Mke wangu alijua, na alinyamaza kwa sababu mama yake alimkataza kumwaibisha mbele ya mkwe.

Miaka yote hii nimemheshimu kwa kutomtazama. Sijui hata kama amekonda.

Baadaye kidogo, mkwe ameshapanda kurudi kwake, mshipi ukakaza. Makobo mmoja, mnene, jike. Nilimfunga kwenye majani, nikampa mke wangu ampelekee. Nikamwambia pia amwulize mama yake leo wamekula nini, yeye mwenyewe, si watoto. Akapanda njia. Nikakaa kwenye nyasi kumngoja arudi na jibu.