Ile Neno Moja Nilituma Mangina

Beni, siku ya posho, mwisho wa juma, kiisha kazi

Papa mupenzi,

Nakusalimia wewe na mama kwa mikono mibili. Mimi niko muzima, ile malaria ya mwezi uliopita iliisha kabisa. Goti ya mama inaendelea namna gani? Bado anapanda mulima na mufuko ya mbegu kwa kichwa, vile nilimukataza? Na wewe, miwani mupya inakusaidia kusoma, ao ungali unaweka karatasi karibu ya pua? Hapa mvua inanyesha mingi, barabara ni matope tupu. Nafikiri Kayna nako ni vile vile.

Barua yako nilipata kwa mukono ya dereva. Umeniambia kama rafiki yako, directeur wa masomo kule Butembo, anatafuta secrétaire, na ulishamupatia jina yangu. Aksanti, Papa. Mais sitaenda. Binti ya shangazi anaandika muzuri kuliko mimi na hana kazi, umupeleke yeye. Najua Beni inakuogopesha kwa ajili ya vita. Najua pia unaona kutuma message kwa simu haiko kazi ya mutu mwenye alisoma. Nakuomba usikunje hii karatasi mbele ya kufika mwisho. Nikuelezee ile ilinipata.

Miaka ine nilikuwa naandika barua za hospitali. Mugonjwa anapimwa, anarudi kwao, résultat ya kipimo inatoka nyuma yake. Mimi naandika, napiga muhuri, napeleka karatasi kwa agence ya bus, ao kwa motard wa pikipiki, ao kwa paroisse ili basome jina kiisha misa. Zingine zilifika. Zingine zililala njiani. Kulikuwa muzee mumoja, mulimaji, mwenye kidonda kwa muguu. Tulimuita arudi mbio mbio. Barua ikabaki wiki tatu kwa paroisse, ndani ya sacristie, chini ya vitabu vya nyimbo. Siku alifika alikuwa nayo mukononi, ameikunja muzuri. Akasema: "Madame, niliipata jana, nimekuja leo." Muganga alifungua bandeji. Ile muguu ilikatwa. Muzee hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza tu kama anaweza kubaki na barua yake.

Pale médecin directeur wetu, mukubwa wa hospitali, akasema basi, karatasi imekwisha, tutaandikia bagonjwa kwa simu. Nikapewa ordinateur na simu ya bureau. Nilifurahi sana, Papa. Message inafika Mangina mbele sijamaliza chai yangu.

Na ile mbio mbio njo nilimufanyia nayo Mama Kanyere mubaya. Nilimuomba ruhusa ya kukuandikia mambo yake, akasema niandike, tena niweke jina.

Mama Kanyere anakaranga beignets za unga, anauza kwa soko ya Mangina. Tumbo ilikuwa inamuuma siku mingi, tukamupima, akarudi kwao, résultat ikaonyesha microbe ya tumbo. Hakuwa na simu. Alituachia numero ya Paluku, mwenye duka karibu na kwake. Ile siku nilikuwa na majina mingi mbele yangu. Nikaandika: "Kanyere. Résultat positif. Fika hospitali bila kukawia." Nikatuma, nikaenda kwa jina ingine.

Papa, unakumbuka ni Mangina njo Ebola ilianzia ile mwaka. Kule hakuna hata mutoto mudogo hajue neno "positif."

Kiisha siku mbili simu ya bureau ikalia. Ilikuwa Paluku, sauti juu.

"Madame, ni wewe unatuma Ebola kwa simu yangu?"

"Hapana, papa! Hana Ebola!"

"Umeandika positif! Nilisoma mbele ya batu, bote bakakimbia, mumoja akaacha hata kandambili zake. Sasa hakuna mutu anaingia kwangu. Na yule mama amejifungia ndani."

"Uambie batu haiko ile."

"Habataniamini. Mimi mwenyewe sijue kama nakuamini."

Aliniambia ingine. Batoto ba Kanyere balifukuzwa kwa robinet ya maji. Mutu alimwanga dawa ya chlore kwa mulango yake. Sufuria yake ya kukarangia ilitupwa ndani ya mufereji. Dada yake anamuwekea chakula juu ya kiti inje, kiisha anarudi nyuma mbali ndio amuite.

Nikaenda kwa médecin directeur. Akasema: "Andika message ingine, usahihishe." Mwenzangu wa bureau naye akasema: "Turudie karatasi, mimi nilibaambia tangu mwanzo."

Nikabajibu bote babili: "Karatasi ilikata muguu ya muzee. Message imefungia mama ndani ya nyumba. Mbele ya kuzungumuza karatasi na simu, mimi naenda Mangina."

"Barabara iko mubaya," directeur akasema.

"Nilimutumia ile neno bila kuona uso yake. Sasa nitamuona."

Nilikamata pikipiki ya motard mumoja asubui. Ilituangusha mara mbili. Nilifika na matope mupaka kwa magoti, nikapiga hodi kwa ile mulango.

"Ni nani?"

"Ni Kavira, wa hospitali ya Beni. Ni mimi niliandika."

"Umevaa zile nguo nyeupe za plastiki, za Ebola?"

"Hapana, mama. Niko na kitenge na matope."

Akafungua kidogo, akaniangalia toka miguu mupaka kichwa, akaniacha niingie. Nilimuelezea yote: microbe gani, dawa gani, siku ngapi atazimeza. Nikamuambia nilikosa, anisamehe. Akasema: "Bwana yangu alikufa ile wakati ya Ebola. Balimupitishia pale, kwa ule mulango wenye umeingilia. Paluku aliposema positif, nilianza kufikiri nani atakamata batoto."

Nililia, Papa. Yeye akaniangalia tu, macho makavu.

Nikafuta uso, nikasema nitaenda kwa duka, nitaelezea batu. Akakataa.

"Hapana. Ugonjwa ni yangu, mimi njo nitasema. Wewe utasimama kando yangu, utakula beignets zangu."

Akaazima sufuria ya dada yake, akawasha moto mbele ya duka ya Paluku. Batu balisimama ngambo ingine ya barabara, mikono kwa kinywa. Mama Kanyere akapaza sauti: "Ni tumbo! Ni microbe ya tumbo, muganga ananingojea na dawa! Huyu binti njo aliandika vibaya!" Akanipatia beignet ya kwanza. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi. Nikakula, nikaomba ingine. Nilikula ine, na hakuna mutu alisogea. Nilianza kufikiri nitakula zote mimi peke yangu. Kiisha mama mumoja muzee akavuka barabara pole pole, akanyoosha mukono: "Leta. Tangu hizi siku sijakula beignet ya maana." Batoto bakamufuata. Kiisha bamama.

Paluku alikuja wa mwisho. Hata pale alisema: "Mimi nilisoma ile iliandikwa." Na alikuwa na haki. Njia yote ya kurudia Beni, ile maneno yake haikunitoka kichwani.

Kesho yake niliingia kwa directeur bila kuitwa. Nikamuambia simu ibaki, mais message isitaje tena ugonjwa wala résultat. Iseme tu: hospitali inakuomba upige simu ao ufike. Na mbele mugonjwa arudi kwao, mutu amuulize simu ni ya nani, nani anaisoma, na luga gani.

"Utachelewesha kazi," akasema.

"Nitaichelewesha kidogo. Unipatie mwezi moja."

Akanipatia. Sasa nakaa kwa banc ya bagonjwa, kwa muingilio, si ndani tena. Nauliza kila mutu, na batu banajibu mambo yenye sikuwazia. Mumoja anasema simu ni ya bwana yake, asijue kitu. Mwingine anasema mutoto wake njo anasoma, tusiandike ya kumuogopesha. Wenye habana simu ya kuaminia, nabaandikia barua kama zamani, kiisha napiga simu kwa paroisse mupaka baniambie imefika mukononi.

Mama Kanyere alikuja kukamata dawa, akamaliza zote, tumbo imetulia. Aliporudi kupimwa, nikamuuliza kama benye bengine: "Simu ni ya nani?" Akatoa kasimu kadogo ka mabutoni ndani ya kitenge. "Yangu," akasema. "Andika."

Mwezi umepita, directeur hajaniambia niache. Ameita hata ba infirmiers, benye banatunza bagonjwa kwa centres de santé za vijiji, bakuje nibafundishe. Nitaanza siku ya kwanza ya kazi, juma yenye inakuja. Nitabasomea ile message ya Mangina vile niliiandika, na nitabaambia ni nani aliandika.

Unisalimie mama, na apumuzishe ile goti. Unisalimie yaya wangu Kasereka na muke wake mwenye karibu kuzaa, shangazi na binti yake, na baba mukubwa catéchiste, aniombee kwa Mungu. Koko wetu muzee umushike mukono kwa ajili yangu, umuambie ninakula muzuri.

Mimi binti yenu, mwenye kubaki Beni,

Kavira