Debe la Maji kwa Mjomba wa Apolonia

Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Daftari langu, hujambo? Siku nyingi. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila magoti. Kesho nakwenda Newala kwa lori la Abdulatifu, kumposea tena mwanangu Sipriani. Tena – maana mwaka jana niliharibu. Nilifika na vumbi kwa mjomba wake Apolonia, binti tunayemposa, nikapewa maji, nikanawa miguu hadi magotini kama niko kisimani kwetu Mtanda, pwani. Kumbe maji yale mkewe aliyapandisha kichwani kutoka bondeni, tangu alfajiri. Mzee Kornelio akasema haozi mpwa wake kwa watu wanaomwaga maji. Na mwenye neno ni mjomba. Safari hii nachukua madebe mawili, yamejaa.

Jumanne, 6 Oktoba

Tunalala Masasi, misheni. Njia nzima vumbi jekundu, pori limekauka, hata nyani hawana kivuli. Halafu milima ya mawe – mmoja mmoja, myeusi, kama Mungu aliitua hapo apumzike, akasahau kuirudia. Nilisali rozari nikiitazama, nikapoteza hesabu. Abdulatifu ananitania: Mama Sipriani, wenzio wanawapelekea wakwe samaki, wewe umebeba bahari.

Jumatano, 7 Oktoba

Sikukuu ya Mama wa Rozari. Nikasema leo hakiharibiki kitu.

Kona ya pili ya mlima wa Newala, rejeta ikachemka. Chini yetu nchi yote imelala, mpaka kule Ruvuma. Nzuri mno. Abdulatifu akayatazama madebe yangu. Bora angeomba. Nikampa moja. Likaisha, lori bado. Akalitazama la pili. Nikamwambia hilo la posa, baba, hata ukilia.

Wakapita kina mama wanatoka bondeni, mitungi vichwani. Nikajitwisha debe, nikawafuata. Wakacheka: wa pwani huyo, atatufia njiani. Nilipumzika mara sita. Kila tone lililonimwagikia mgongoni liliniuma.

Mzee Kornelio akalitazama debe. Akaitazama kanga yangu iliyolowa. Akachota kata moja, akanisogezea: nawa miguu, mama.

Nikanawa vidole tu. Ndani nikamsikia mkewe anacheka – na Apolonia.

Naandika hapa barazani. Mzee na nduguze wamekaa kule uani, wananong'ona Kimakonde, muda sasa. Mzee Kornelio, nakuomba, nijibu upesi.