Swichi Mpya ya Mama Salome

Jumanne, Kilosa.

Ifahamike kwa mbu wote wa chumba hiki kwamba leo gesti ya Mama Salome, kule Mikumi, imezindua swichi mpya ya intaneti, kile kisanduku cha kugawa mtandao vyumbani. Mgeni rasmi nilikuwa mimi, na fundi mimi.

Ile ya zamani, ya bei rahisi, ilikuwa inazima kila mchana, wageni wanalalamika. Nikamshauri anunue ya ghali, ile unayoingia kwa kompyuta ukapangia kila tundu la waya kazi yake. Nikaapa hii haizimi. Akaahirisha kuezeka choo, akanunua.

Nikaifunga, nikaondoka. Nikiwa bado stendi akapiga simu. “Fundi, na hii imezima.”

Nani Mikumi ataniita tena?

Nikarudi. Swichi imefunikwa vitambaa vya kufuma, kama redio ya sebuleni, inaunguza mkono.

“Mama, hivi vitambaa?”

“Vumbi, baba. Ile ya kwanza niliifunika kimoja. Hii viwili, si ya ghali?”

Nilikaa sakafuni. Na mimi siku zote nilizoikagua ile ya kwanza… alikuwa anakiondoa kitambaa kabla sijafika, kwa heshima ya fundi.

Nikaitoa ya zamani stoo, nikaichomeka bila kitambaa.

Mpaka naondoka jioni, ilikuwa inafanya kazi.