Programu Iliyofuta Piko la Bi Riziki

Jumatano, Kengeja. Mvua imeshuka toka alfajiri, ikakatika, ikarudi, kama mgeni aliyesahau kiatu. Muhogo niliouanika umelowa wote. Na roho yangu imechafuka, tena si kwa sababu ya muhogo.

Nina wivu. Nalisema mapema msije mkahangaika kulitafuta.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: miye ni Bi Mize, bibi mwenye wajukuu, skuli niliishia darasa la nne, na kazi yangu ni kupiga picha kwenye harusi za wanawake. Kwetu mwanamme haingii na kamera pale bi harusi anapokaa wazi mbele ya wanawake wenzake. Basi naingia mimi. Mwanangu aliyeko Maskati aliniletea kamera na kompyuta, akanifungulia na ukurasa huu, na mengine nimejifunza kwa kubonyeza na kukosea. Msiniombe picha za mabibi harusi. Sizibandiki hapa, na anayeomba hana adabu.

Mke mwenzangu anaitwa Bi Riziki. Mume mmoja, nyumba mbili, miye mke mkubwa na yeye mdogo, zamu kwa zamu. Zamu hazinisumbui tena, kwa umri huu zamu ni kumsikiliza mzee akikoroma tu. Kinachoniuma ni mikono ya Bi Riziki. Yeye ndiye anayewachora mabibi harusi piko, yale maua meusi ya mikononi na miguuni, na huku kusini mwa kisiwa hakuna anayemfikia. Mwanamke akiingia harusini hamwangalii bi harusi usoni, anamnyanyua mkono kwanza. "Mashaallah, mkono wa Bi Riziki huu!" Nami nimesimama hapo hapo na kamera yangu shingoni kama kengele ya mbuzi.

Piko linaoshwa na maji, likaisha. Picha inabaki. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuishika picha akauliza nani kapiga.

Ndipo nikataka programu mpya.

Fundi wangu wa kompyuta, wa mjini Chake, aliniambia limetoka toleo jipya la ile programu ninayosafishia picha, unalijaribu mwezi mzima bila kulipa. "Linang'arisha sura lenyewe, bibi, wewe unabonyeza mara moja tu." Nikamwambia ondoa la zamani, tia hilo. Nikasema moyoni, sasa wataanza kuangalia uso.

Harusi ya kwanza kuitia humo ikawa ya Rukia, mjukuu wa mume wetu kwa upande wa Bi Riziki. Na siku hiyo Bi Riziki akatangaza mbele ya watu kwamba hilo ndilo piko lake la mwisho. Jicho la kulia limeingia ukungu, la kushoto linalifuata, mstari hauoni tena. Wanawake wakalia. Miye nikanuna nyuma ya kamera. Ndiyo faida ya kamera, unanuna na hakuna anayekuona.

Nikarudi nyumbani, nikazitia picha kwenye toleo jipya, nikabonyeza. Uso wa Rukia ukawa laini kama yai lililomenywa. Nikafurahi. Nikateremka mikononi.

Hakuna kitu.

Programu imeyaona maua yote yale, toka vidoleni mpaka viwikoni, ikadhani ni uchafu wa ngozi, ikayafuta. Mikono mitupu, kama ya mtu anayekwenda kuosha masufuria. Siku ya harusi yake!

Mwengine angerudisha papo hapo. Miye nilikwenda kupika chai. Nikanywa, nikarudi, nikaziangalia tena, nikazipenda. Nikaipanga albamu nzima vivyo hivyo, picha moja moja, kwa raha zangu. Nikajiambia ni mashine, si mimi.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Leo baada ya adhuhuri Bi Riziki kaja mwenyewe na mwavuli wake, anataka kuziona picha kabla hazijakwenda kwa wakwe. Nikamfungulia. Akausogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha kompyuta.

"Bi Mkubwa, piko limetoka?"

"Limetoka."

"Limekoza?"

"Limekoza, mashaallah."

Ulimi wangu mwenyewe huo. Haukukwama hata kidogo.

Akarudi nyuma kidogo. "Jicho langu bovu, Bi Mkubwa, ua silioni. Lakini penye weusi na pasipo weusi bado napajua. Mkono huu mtupu."

Nikamwambia ni hii programu mpya, imefuta yenyewe, hata miye nimeshangaa.

"Mashine hainijui mie," akasema. "Wewe ndiye unayenijua."

Kisha akaomba chai. Nikampa. Akaimaliza yote, akasema sukari ndogo, akafungua mwavuli wake akaenda zake.

Angenitukana ningejua la kumjibu. Matusi ninayo, nimeyaweka akiba miaka mingi kwa ajili yake. Hakuniachia nafasi ya kutoa hata moja.

Nikampigia fundi. Nataka toleo la zamani, leo, sasa hivi. Akaanza kunizungusha: mwezi wa majaribio haujesha, bibi, halafu ukiliondoa jipya, albamu uliyoipanga humo haifunguki kwenye la zamani, kazi yote inapotea. Nikamwambia, "Nimekuuliza kama inafunguka? Nimekuuliza inaondokaje." Akanielekeza kwa simu, taratibu kama anayemlisha mtoto uji. Ondoa hili. Kubali. Kubali tena. Izime, iwashe. Chomeka ile flashi yenye toleo la zamani. Kompyuta inaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Mijitu mizima hainiulizi kama nina hakika, itakuwa hiyo!

Albamu ikaenda. Siku zangu zote za raha zikaenda nayo.

Nikaitafuta kadi ya kamera. Nilikuwa nimeshaitenga ifutwe kwa ajili ya harusi inayokuja, ya huko kijijini Tumbe. Ingefutwa, basi piko lile lisingebaki popote duniani, maana mikononi mwa Rukia limeshaanza kupauka, na aliyelichora hachori tena. Nikaitia. Picha zikaja, zote, za asili.

Na piko likaja.

Uso wa Rukia una chunusi kidevuni, na mimi nilipotokea pembeni nina makunyanzi kama kanga iliyokauka bila kukunjuliwa. Toleo la zamani halisafishi kitu mpaka ushike mwenyewe, kidogo kidogo. Chunusi nitaiondoa kwa mkono wangu. Makunyanzi yabaki, nimeyatolea jasho.

Lakini lile piko, jamani. Nimelivuta likajaa kioo kizima. Mistari myembamba kama unywele, haikutetemeka, na aliyeichora ni mwanamke anayepapasa mlango wake akitaka kutoka. Katika kiganja kaweka ua ambalo sijaliona kwa bi harusi mwengine yeyote, na petali zake hazifanani hata mbili. Nimekaa hapa nalitazama na wivu unanipanda upya, tena mbaya kuliko ule wa mwanzo. Ule wa mwanzo nilikuwa nazionea wivu sifa anazopewa na watu. Huu wa leo nauonea mkono wenyewe.

Atasomewa maneno haya, najua. Kengeja haina siri, na wajukuu zake wana simu. Wamsomee.

Kesho ni zamu yake, mzee atakuwa kwake. Nitakwenda na kompyuta chini ya mwavuli, nitaifungua mezani kwake. Na yeye hataliona ua. Ataona weusi tu. Atataka kujua, na mzee miwani yake haimsaidii, kwa hiyo atakayemweleza ni mimi: hapa mstari umepinda hivi, hapa umelichukua jani ukalipeleka kwenye kifundo, hapa kiganjani umefanya maajabu, Bi Riziki. Kwa mdomo wangu huu, mbele ya mume wetu, ua kwa ua mpaka viwikoni.

Utaweza, mdomo? Utaweza tu. Ila asije akaniambia nirudie.