Kigelegele cha lifti

Fairuz, we acha tu. Nimepiga kigelegele ofisini.

Ile lifti mbovu imetengenezwa. Mlango ulipofunguka, nami nimeshika ndoo yangu ya deki, nikasahau niko Dubai, nikadhani niko arusini kwetu Mombasa. Ofisi nzima ikageuka kunitazama.

Madam, bosi wetu, akaniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Ni wewe uliyepiga?"
Ni mimi, madam.
"Kwa ajili ya lifti?"

Wallahi shoga, kwa ajili ya lifti. Nikajua khalas, narudishwa nyumbani.

Akanitazama weee. Kisha akasema, "Binti yangu aliposwa jana. Kila mtu alikuwa na simu yake, hakuna aliyepiga kigelegele hata kimoja."

Akaniambia, "Piga tena."

Nikapiga. Akalia.

Sasa nimetoka, na hapa nje wote wananipa pole, wamesikia kilio, wanadhani nimefukuzwa.